Siku Simu Yangu Ilipomzika Kaka

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Juu ya asiye na macho hawakusema kitu, na hapo ndipo walipokosea, kwa sababu watu wa Babati wameamua kwamba huyo aambiwe kila kitu. Nikitoka mlangoni kwangu Nangara naambiwa jua ni kali, wakati linanichoma mimi. Nikinunua nyanya naambiwa ni nyekundu. Nikipanda ngazi naambiwa "kuna ngazi" nikiwa nimeshafika juu. Na wanaoniambia si watu wabaya. Wangekuwa wabaya ningewajibu, nikapumua.

Kushikwa ndiko kunakonitoa roho. Mtu anakushika mkono kwanza, halafu ndiyo anakuuliza unakwenda wapi, na wengine hata hawaulizi. Wanakupeleka tu wanakodhani mtu kama wewe anatakiwa kwenda.

Mimi ni msusi. Macho yaliondoka taratibu, nikiwa mtu mzima, kwa presha ya macho, na yalipokwisha kabisa nikagundua kwamba vidole havikuwa vinayategemea sana. Nasuka kwenye baraza ya chumba ninachopanga: rasta, mabutu, twende kilioni, chochote utakacho. Wateja wangu husema nasuka vizuri kuliko wasusi wanaoona kwa sababu siangalii simu nikiwa kazini. Si kweli. Simu naisikiliza.

Ni simu ya kawaida ya kupapasa, ila ina programu inayosoma kila ninachogusa kwenye kioo, kwa sauti ya kiume, nzito, kama mchungaji mgeni anayesoma matangazo ya usharika asioujua. Ina pia ramani inayosema pinda kulia, pinda kushoto. Tatizo ni kwamba ramani hiyo mji wetu inaujua nusu. Barabara kuu inaijua, stendi inaijua, benki inazijua sana. Vichochoro vya Nangara haivijui. Ukiibana sana inakupeleka ziwani kwa viboko.

Rafiki yangu mmoja asiyeona, anayeishi Arusha, ndiye aliyenifundisha dawa yake. Unakwenda mara ya kwanza na mtu. Kila mahali penye maana unasimama, unabonyeza, unaiambia simu jina la mahali hapo kwa mdomo wako mwenyewe. Siku nyingine ukipakaribia, simu inakutajia. Sisi tunaziita alama.

Sasa, nani alisema alama lazima ziwe na adabu? Zilikuwa zinasomwa sikioni mwangu tu, kupitia hedifoni ya waya, kwa hiyo niliziweka kama nilivyopenda. Na jina la adabu halisaidii. Nikisema "genge la mboga", Nangara ina magenge ya mboga mengi kuliko kunguru. Lakini "Mama wa mchicha, usisimame, ataanza habari za magoti yake" ni mmoja tu duniani. Nikaweka alama mji mzima kwa mtindo huo, na kila nilipopita nilikuwa natabasamu peke yangu. Watu wakasema maskini, upofu umeanza kumchanganya.

Balaa lilianza Ijumaa moja mchana. Nilikuwa natoka kununua rasta za mteja, na simu ikapoteza mahali nilipo. Hutokea. Dawa yake ni kusimama kimya kidogo mpaka itulie. Nikasimama. Hapo hapo mkono wa mtu mwema ukanishika, ukaniongoza kwa upole mwingi sana, tukapinda mara hii na mara ile, na kabla sijamaliza kusema "samahani, mimi nina..." nikawa nimekalishwa chini kwenye ukuta. Mtu mwema akaniombea heri, akaenda zake. Nikanyoosha mkono kupapasa nilipo, na mtu akaniwekea sarafu kiganjani.

Nilikuwa nimekalishwa kwenye geti la msikiti, kwenye mstari wa wanaosubiri sadaka.

"Mama," sauti ya mzee ikasema pembeni yangu, kwa hasira ya chini chini, "hapa pana mwenyewe."

Nikamwomba radhi, nikampa ile sarafu, nikawa najikusanya ninyanyuke. Na kwa kuwa siku mbaya haiji peke yake, kaka yangu ndiye aliyekuwa akipita.

Kaka yangu ni mtu wa ofisi, mtu wa shati lililopigwa pasi hata kwenye kola ya ndani. Ndiye mkubwa wetu, na tangu mama yetu afariki amejipa kazi ya kutuamuru sote, na kwa kuwa wengine wamehamia mbali, amri zote zinaniangukia mimi. Aliponikuta mdogo wake amekaa mstari ule, na kiganja kiko wazi, aliniondoa pale. Alinirudisha nyumbani kimya njia nzima. Ningefurahi kama angenigombeza.

Jioni akaniita kwake, akatamka hukumu. "Mwezi ukiisha unahamia Sigino kwa shangazi. Nyumba ya mama ipo, hewa ipo, hakuna magari. Utapumzika."

Kupumzika! Sigino naipenda, nimezaliwa huko, lakini nilijua ninachopelekewa. Ningekalishwa kwenye kigoda pembeni ya shangazi na redio yake, nichambue mbaazi mpaka nife, huku naambiwa jua ni kali. Vichwa vya kule vina wasusi wake tayari. Chumba changu cha Nangara kingepangishwa mwingine ndani ya wiki, na wateja wangu wangezoea mikono mingine. Mtu mzima akishapelekwa kijijini "kupumzika" harudi. Nikamwambia kaka kwamba mimi si gunia la mbaazi. Akasema ninakosa adabu. Nikasema adabu ni ya watu wawili. Tukabishana mpaka wifi yangu, mke wake, akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Mwache ajaribu," akasema. "Wewe si unasema hawezi kutembea mwenyewe? Aje Jumamosi, kutoka kwake mpaka hapa. Akifika, umnyamazie. Asipofika, apeleke vitu Sigino."

Kaka akafikiri. Kutoka kwangu mpaka kwake ni kuvuka mtaa wote wa Nangara, kisha barabara kuu ya lami na malori yake, kisha mtaa wao wenye mageti. Akaweka masharti kama anaandika mkataba: nitoke peke yangu, nisishikwe mkono na mtu yeyote, hata kidogo, mpaka nifike kwenye geti lake. Yeye atakuwa amekaa nyumbani akisubiri. Nikitimiza hilo, neno Sigino hatalitamka tena maishani. Nikishikwa, nafungasha.

"Hata wakinishika kwa nguvu?" nikauliza.

"Hata kwa nguvu."

Jumamosi asubuhi nikavaa viatu vigumu, miwani yangu nyeusi, na kitenge cheusi ambacho mteja mmoja aliniambia kinanipendeza. Nikapachika hedifoni, nikashika fimbo, nikatoka. Nilikuwa na hofu, nisidanganye.

Mwanzo ulikuwa mzuri mpaka nikajisifu. Simu ikanong'ona, "Mtaro wa kuvunja miguu," nikauruka mtaro. Ikanong'ona, "Bomba la watu wa foleni na umbeya," nikapita, nikasalimia, nikaitikiwa. Ikanong'ona, "Mama wa mchicha, usisimame, ataanza habari za magoti yake," nikaongeza mwendo.

Sikuongeza vya kutosha. "Jamani msusi wetu peke yake!" mama wa mchicha akapiga kelele, akaruka kutoka kwenye genge lake. Kwa mtu mwenye magoti yale aliruka vizuri sana. Nikahisi vidole vyake vinanijia mkononi.

"Usinishike!" nikapiga ukelele ambao hata mimi ulinishtua, na nikageuza bega. Mkono wake ukanikosa, ukanasa waya wa hedifoni, nikasikia "tap", plagi ikachomoka, waya ukakatika kabisa. Simu ikanyamaza kidogo. Halafu, kwa kuwa haikuwa tena na sikio la kunong'ona, ikaamua kutangaza. Kwa sauti yote.

"MAMA WA MCHICHA. USISIMAME. ATAANZA HABARI ZA MAGOTI YAKE."

Mtaa mzima ukawa kimya. Hata kuku, nadhani.

Mama wa mchicha akapumua. "Hiyo simu," akasema polepole, "imesema nini kuhusu mimi?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Nizime simu, nisimame pale, mtu anishike mkono, niishie kwenye mbaazi. Au niende mbele, na simu itangaze kila alama niliyoiweka tangu hapo mpaka kwa kaka. Nilizikumbuka alama zote, moja baada ya nyingine. Nikaenda mbele.

Nikasikia nyuma yangu kandambili zinafuata. Mama wa mchicha alikuwa ameacha genge. Nikamwambia, bila kugeuka, kwamba akinigusa nahamishiwa Sigino. "Sikugusi," akajibu. "Mimi nataka tu nisikie wengine umewaita nani."

Haikuchukua muda. "DUKA LA MZEE," simu ikatangaza. "SUKARI YAKE HUPIMWA PAMOJA NA KIDOLE."

"Shikamoo mzee," nikasema upesi.

"Marahaba," mzee wa duka akajibu kutoka nyuma ya kaunta. Ni mzee wa heshima, babu yake alikuja kufanya biashara huku kutoka pwani, na sauti yake haijawahi kupanda. "Kidole kipi?"

"Gumba, mzee."

Nikasikia anamwita mke wake aje akae dukani. Akatoka, makubazi yake yakaungana na kandambili za mama wa mchicha. Akasema haki ni haki ikiwa ya wote, na kama yeye ametajwa, basi atembee ahakikishe hakuna aliyeachwa.

Hakuna aliyeachwa. "MBWA ASIYE NA AKILI," simu ikasema, "NA MWENYEWE HIVYO HIVYO." Mwenyewe alikuwepo. Akafuata, na mbwa akafuata. "KIJIWE CHA BODABODA. USICHEKE, WATADHANI UMEKUBALI." Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na waliokuwa hawana abiria wakafuata kwa miguu. "KANISA. KWAYA NZURI, ISIPOKUWA SAUTI YA TATU." Sauti ya tatu walikuwa ndani wakifanya mazoezi, wakatoka wote.

Na hawa watu wote, unisikilize vizuri hapa kwa sababu ndipo kisa kilipo, walikuwa kimya kabisa. Si kwa heshima yangu. Walikuwa wanaogopa kupitwa na alama. Mtu akikohoa anaambiwa "Shhh!" Mtu akitaka kucheka anajiziba mdomo kwa kanga. Walinyata nyuma yangu mwendo wa polepole, mwendo wa fimbo yangu, vichwa wameinamisha kutega sikio kwa simu. Na mbele yao wote ni mimi, miwani nyeusi, kitenge cheusi, uso umekunjamana kwa aibu.

Mtu yeyote wa nchi hii akiona kundi la namna hiyo anajua ni kitu gani. Ni msiba.

Mimi sikujua. Nilichojua ni kwamba mambo yameanza kuwa mepesi kwa namna nisiyoielewa. Tulipofika kwenye lami nilisimama kusikiliza malori, kwa kuwa pale ndipo nilipoogopa zaidi. Lori moja likaja likinguruma na muziki wake, kisha muziki ukazimwa, breki zikapiga kelele, na lori likasimama. La upande wa pili likasimama. Nikavuka lami ya kwenda Arusha kama naingia jikoni kwangu. Nikasikia milango ya maduka ikivutwa nusu. Nikawaza, kumbe watu wamestaarabika hivi, wanamheshimu mtu mwenye fimbo. Nikajisikia vizuri sana.

Yaliyokuwa yanatokea nyuma nilisimuliwa baadaye. Wale wa mtaa wa pili, ambao hawakujua habari za alama, walijiunga mkiani kama inavyotakiwa. Huwezi kuuona msiba ukaendelea kukaanga mihogo. Mama mmoja akajifunga kanga ya pili kiunoni, akamsogelea mwanakwaya mmoja, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Tunakwenda wapi?"

"Kwa kaka yake."

"Kaka yake amefanyaje?"

"Shhh!" mwanakwaya akamjibu, kwa sababu simu ilikuwa inataka kusema.

Basi. Ukiuliza mtu amefanyaje ukajibiwa "shhh", unahitaji nini zaidi? Habari ikarudi nyuma mstari mzima: yule mfanyakazi wa ofisi, mwenye mashati, amefariki. Mkiani ilikuwa imeshapata na ugonjwa.

Nikapinda kona ya mwisho. Fimbo ikagonga bati la geti ninalolijua. Hakuna mkono wa mtu ulionigusa tangu mlangoni kwangu, hata kidogo, hata kwa nguvu. Na simu ikatangaza:

"UMEFIKA. KWA KAKA MWENYE AMRI NYINGI. VUMILIA."

Hiyo iliwashinda, kama nilivyosimuliwa. Mama wa mchicha akajiziba mdomo kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, na sauti iliyomponyoka ilikuwa kati ya kicheko na kwikwi. Sauti ya tatu wote wakainama. Mzee wa duka akatoa leso akafuta macho. Na wakati huo huo wifi yangu akafungua geti.

Wifi alikuwa anakaanga chapati. Mume wake alikuwa ametoka asubuhi, akasema anarudi mara moja, na hakurudi. Sasa anafungua geti lake anakuta nusu ya Babati, kimya, wanawake wamejifunika mdomo wanatikisika, mzee wa heshima anafuta machozi, na mbele yao mimi wifi yake nimevaa nyeusi.

"Mume wangu!" akapiga yowe. "Jamani mume wanguuu!"

Mimi nilidhani ameungua mafuta. Kisha nikaelewa maneno, nikakaa chini pale pale getini. Kwa sababu sasa na sisi wa mbele, tuliojua kwamba hakuna msiba wowote, tulimsikia mke mwenyewe akimlilia mume wake. Yeye aliamini kwa sababu tumekuja, sisi tukaamini kwa sababu amelia. Nikawaza kaka yangu amekufa ndani humo, akinisubiri, na neno la mwisho nililomfikishia mlangoni ni kwamba ana amri nyingi. Nililia kilio ambacho sijawahi kulia. Simu ikajigusa mapajani mwangu, ikarudia: "VUMILIA."

Mwanadamu akilia kwetu, mikono haikai. Kabla machozi hayajafika kidevuni watu walikuwa kazini. Akina mama wameingia jikoni, wamepokea chapati zisiungue, wamebandika sufuria kubwa la jirani. Bodaboda mmoja kaondoka kutafuta turubai. Mikeka imetandikwa. Na wanaume wameanza kutoa makochi nje ili sebule ibaki wazi, maana msiba unakaa chini, haukai kwenye makochi.

Mimi nimekaa kwenye vumbi nalia, ndipo nikaisikia sauti ikitoka mlangoni mwa sebule, imebanwa na uzito wa kitu.

"Shusha kidogo upande wako. Kidogo! Utauvunja mguu wa kochi."

Nikanyamaza. Maiti hana tabia ya kuonea huruma makochi.

"Kaka?" nikaita.

Kochi likaanguka. Nikasikia wifi anapiga yowe la pili, kubwa kuliko la kwanza, halafu kishindo cha kitu laini. Baadaye nikaambiwa ulikuwa mpira wa unga wa chapati, na ulimpata kaka usoni.

"Wewe si umekufa!" wifi akasema.

"Ndivyo nilivyoambiwa," kaka akajibu.

Maelezo yake aliyatoa akiwa amekaa kwenye kochi lake, uani, mbele ya watu wote, huku akijifuta unga. Hakuwa amekaa nyumbani hata kidogo. Tangu asubuhi alikuwa amejificha Nangara, amevaa kofia ya kushuka mpaka machoni, na alinifuata nyuma hatua kwa hatua. Kundi lilipokuwa kubwa akajikuta mkiani. Mtu akamshika bega akamwambia pole, jamaa wa ofisi ametutoka. Akauliza jamaa yupi. Akaelezwa, sifa zake zote, na shati. Akauliza amefariki lini. Akaambiwa alfajiri, kwa presha. "Nikataka kubisha," akasema, "lakini ningebisha mngejua ninamfuata." Walipofika akatumwa akamate upande wa kochi. Kaka yangu hajawahi kukataa agizo la msibani. Akakamata.

Watu walicheka mpaka mbwa asiye na akili akaanza kubweka. Mzee wa duka akamgeukia kaka, akasema taratibu, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja," na wifi akamwambia mzee shikamoo, ila akirudia methali hiyo hanywi chai hapa. Chai ilikuwa imeshachemka ya watu wote, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi bila kuinywa.

Nami sikuwa nacheka. Nilisimama, nikajikung'uta vumbi. "Kaka, nimefika," nikasema.

Akakohoa. "Umefika na watu."

"Hilo halikuwa sharti. Sharti ni mkono. Nani amenishika mkono?"

"Kundi lote hilo, mtu anaweza kusema..."

"Mimi nilitaka kumshika," mama wa mchicha akadakia, "akanifokea kama mwizi. Na magoti yangu haya!"

"Mimi nilitamani nimshike nimzabe kofi," mzee wa duka akasema kwa sauti yake ile ile ya chini. "Hata hiyo nafasi hakunipa."

Mashahidi wangu wote walikuwa watu niliowatukana. Sikuwahi kupendwa namna ile. Kaka akaweka kikombe chini, na watu wakapunguza kunywa kwa sauti.

"Unajua," hatimaye akasema, na sauti haikuwa ya ofisi, "waliponiambia nimekufa, sikujifikiria mimi. Niliwaza, sasa nani atakuwa anamfuata huyu? Maana mimi nakufuata siku nyingi. Ukienda sokoni nakufuata. Ile Ijumaa ya msikitini nilikuwa nyuma yako, nikasimama kununua gazeti, nilipoinua kichwa hupo."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na huzuni ikaja nayo, sikujua niifungulie ipi mlango. "Ndilo hilo kaka," nikasema. "Ungekuwa umekufa kweli leo, kesho bado ningetakiwa kwenda sokoni."

Akamwambia wifi aniongeze chai.

Tulikaa mpaka jua likapoa. Watu wakatawanyika kidogo kidogo, makochi yakarudishwa ndani, mama wa mchicha akanitaka nimbadilishie alama kuanzia leo, na mzee wa duka akasema ya kwake niiache, ila niongeze kwamba kidole ni kisafi. Kisha nikaaga.

Sasa, mgeni akiaga kwetu husindikizwa. Lakini husindikizwa kidogo tu, mpaka kona, mpaka mwisho wa ukuta, kisha mwenyeji anasimama. Anayefikishwa mpaka mlangoni kwake ni mtoto, mgonjwa na mlevi. Kaka yangu, tangu macho yangu yaondoke, hajawahi kunisindikiza. Amekuwa akinifikisha.

Tulitoka pamoja. Hakunishika. Tukatembea kwa kuzungumza mambo ya bei ya vitunguu, mambo ya shangazi na redio yake, na mimi nikawa namngojea aseme "mpaka lami tu", na kwenye lami aseme "mpaka kanisani tu". Kwenye kona ya ukuta wao akasimama.

"Haya," akasema. "Mimi nikomee hapa. Wasalimie kwako."

Kwangu hakuna mtu wa kusalimiwa. Naishi na cherehani bovu na vikasha vya rasta. Lakini ndivyo anavyoambiwa mtu mwenye kwake.

"Zimefika," nikamjibu. Nikasikia viatu vyake vinarudi, geti likafunguliwa, likafungwa, na komeo likaingia mahali pake. Nikangoja kidogo nihakikishe. Kisha nikawasha simu, nikaenda nyumbani.